Hadithi Inayogusa Moyo Huanza na Kitu Kidogo

(MUZIKI WA KIPINDI, SEKUNDE 15, KISHA UNASHUKA)

Mpenzi msikilizaji, salamu kutoka hapa Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu. Nakusalimu wewe uliye Nkamira, hapa jirani. Nakusalimu wewe uliye Kiziba, Kigeme, Mugombwa, Nyabiheke na Mahama. Kama unasikiliza, vuta kiti karibu. Kama umeshika karatasi hii na unamsomea jirani asiye na redio, asante kwa kazi hiyo. Soma polepole.

Leo tunazungumza juu ya kuandika hadithi inayogusa moyo. Vijana wengi kambini wanaandika, wengine kwenye daftari la shule, wengine kwenye simu. Na wengi wana swali moja: "Nimeandika mambo mazito yaliyotupata, lakini anayesoma haonyeshi kuguswa. Kwa nini?"

Sikiliza sentensi hii: "Vita vilianza, tukakimbia, tukateseka sana, watu wengi wakafa, tukalia." Kila neno hapo ni kweli. Lakini sentensi hiyo inaweza kuandikwa na mtu yeyote aliyevuka mpaka wowote, mwaka wowote. Msomaji atakuhurumia, atafunga daftari, na jioni hatakumbuka kama ilikuwa hadithi yako au ya mtu mwingine.

Sasa sikiliza hii: "Mama alifunga mlango kwa kufuli, akafunga ufunguo kwenye ncha ya kitenge. Tulipofika Petite Barrière aliushika mara tatu, kuhakikisha kwamba upo. Mpaka leo upo, umetundikwa kwenye mti unaoshika shitingi yetu. Nyumba yenyewe haipo tena."

Umeona? Hakuna neno "huzuni" hapo, wala neno "machozi". Kuna ufunguo tu. Lakini umemwona yule mama, na labda umemkumbuka wako.

Hilo ndilo jambo la kwanza: chagua mtu mmoja, siku moja, kitu kimoja. Usibebe vita vyote mgongoni. Chukua bidoni, kiatu cha mtoto, sufuria ya sombe iliyoachwa jikoni moto ukiwaka. Kitu kidogo ambacho wewe pekee ulikiona kitafungua mlango ambao maneno makubwa hayaufungui.

(MUZIKI, SEKUNDE 5)

Yupo mwandishi mmoja aliyezaliwa hapa Rwanda mwaka 1956, Scholastique Mukasonga. Akiwa mtoto mdogo, familia yake ilihamishwa kwa nguvu na kupelekwa Nyamata. Mwaka 1973 alikimbilia Burundi, na baadaye akaenda kuishi Ufaransa. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu 37 wa familia yake waliuawa. Yeye hakuwapo.

Mtu aliyepotewa na ndugu wengi namna hiyo angeweza kujaza kitabu kizima kwa vilio. Lakini mwaka 2008 alitoa kitabu juu ya mama yake, Stefania, na ndani yake utakuta mtama unavyolimwa na kuvunwa, nyumba ya jadi aliyoijenga, majani aliyotumia kama dawa, na mipango ya kumtafutia kijana mke. Mama huyo alikuwa amewaomba binti zake kwamba siku atakapokufa waufunike mwili wake, usionekane na watu. Siku hiyo ilipofika, hapakuwa na binti wa kumfunika. Kwa Mukasonga, maneno ya kitabu ndiyo kile kitambaa.

Fikiri kidogo juu ya hilo. Tunamlilia Stefania kwa sababu kwanza tumemwona akilima, akicheka, akipanga harusi. Basi na wewe, kabla ya kutuambia jinsi mtu alivyokufa, tuambie alivyokuwa akiishi. Alipenda sambaza za kukaanga au za mchuzi? Aliimba wimbo gani akisukuma chukudu? Wala usiogope kuandika kicheko. Hata njiani tukikimbia watu walicheka. Hadithi yenye machozi matupu inamchosha msomaji, na tena si ya kweli.

Jambo la pili: usimwambie msomaji ahisi nini. Ukiandika "ilikuwa inasikitisha mno", umemnyang'anya kazi yake. Weka ufunguo mezani, halafu nyamaza. Atausogelea mwenyewe.

Jambo la tatu ni zito, hasa kwetu sisi wa eneo hili. Kugusa moyo ni nguvu, na nguvu inaweza kuponya au kuua. Redio iliyoitwa RTLM, iliyoanza kusikika Rwanda mwaka 1993, nayo iligusa mioyo ya watu. Iliitia hofu na chuki, na mwaka 1994 ikachochea mauaji. Kwa hiyo usijiulize tu, "Je, msikilizaji ameguswa?" Jiulize pia, "Ameguswa kuelekea wapi?"

Kuna mfano mwingine, pia wa redio, pia wa hapa. Mwaka 2004 ulianza mchezo wa redio kwa Kinyarwanda uitwao Musekeweya, maana yake alfajiri mpya. Unasimulia vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombana. Katikati ya ugomvi wapo kijana Shema na msichana Batamuriza, wanaopendana ingawa mmoja ni wa kijiji hiki na mwingine wa kile. Mchezo hautaji kabila la mtu yeyote. Lakini msikilizaji anaelewa.

Mtafiti mmoja, Elizabeth Levy Paluck, alifuatilia vikundi vya wasikilizaji kwa mwaka mmoja. Vingine vilisikiliza Musekeweya, vingine mchezo wa redio wa mambo ya afya. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio na kaseti, wagawane matumizi yake wenyewe. Katika vikundi vya mchezo wa afya, mara nyingi ilipendekezwa kwamba kiongozi wa mahali azitunze, na mambo yakaishia hapo. Waliosikiliza Musekeweya walijadiliana zaidi, walipingana bila kuogopana, na walielekea zaidi kuzitunza kwa pamoja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009. Imani za watu moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyotendeana.

Basi ukiandika juu ya mtu aliyekukosea, mwache abaki mtu. Mpe jina, mpe mama, mpe njaa yake. Hiyo haina maana kwamba umemsamehe, wala kwamba alichofanya ni kidogo. Ila ukimfanya mnyama, msomaji hatajifunza jinsi jirani anavyogeuka kuwa adui, na hilo ndilo tunalohitaji kulijua ili lisirudi.

(MUZIKI, SEKUNDE 5)

Sasa tusikie vizuri juu ya usalama. Hadithi na mahojiano ni vitu viwili tofauti. Ukikaa mbele ya mtumishi wa HCR au wa serikali, sema yaliyotokea kama yalivyotokea, bila kuongeza chumvi wala kupunguza. Katika hadithi unayoandika kwa ajili ya wasomaji, una ruhusa ya kubadilisha majina, kijiji na mwaka, na mara nyingi inafaa ufanye hivyo. Jirani yako aliyekunong'oneza siri yake usiku hakukupa ruhusa ya kuiandika. Muulize kwanza. Akikataa, iache.

Na akija mgeni mwenye kamera akuombe umsimulie mabaya yako yote, una haki ya kusema hapana. Una haki pia ya kumsimulia juu ya bustani yako ya mchicha. Hadithi ni mali yako. Tuliacha nyumba, mashamba na ng'ombe, lakini hii tulivuka nayo.

Ukiandika na mwili ukaanza kutetemeka, au usingizi ukakataa, weka kalamu chini. Nenda kwa mtu unayemwamini, au kwenye kituo cha afya cha kambi, uzungumze. Karatasi itakungoja.

Kazi ya wiki hii ni nusu ukurasa tu. Andika juu ya kitu kimoja ulichokuja nacho, au kimoja ulichoacha. Usitumie neno "huzuni". Ukimaliza, msomee mtu mmoja kwa sauti, mama, kaka au rafiki, umtazame usoni. Pale atakapoacha kupepesa macho, weka alama. Hapo ndipo hadithi yako ilipo. Mengine unaweza kuyafuta.

Mimi ni mtangazaji wako, nikiwa Gisenyi. Ubaki salama, wewe na wote walio chini ya paa lako.

(MUZIKI UNAPANDA, MWISHO)