Sikio halina kope

Mtoto akiogopa filamu ya mashetani tunamwambia, "Fumba macho." Tunakosea. Hofu haiingii kwa macho peke yake.

Mwaka 1976 ilitoka filamu ya The Omen, yenye kisa cha mtoto wa Ibilisi. Mtunzi wa muziki wake, Jerry Goldsmith, aliweka kwaya inayoimba kwa Kilatini, mithili ya ibada iliyogeuzwa kumsifu shetani. Muziki huo ulimpatia tuzo ya Oscar, ndiyo pekee aliyoipata maishani. Mtoto mwenyewe mara nyingi anatazama tu. Kinachotusisimua mwili ni kwaya.

Basi ndugu mzazi, mwanao akianza kutetemeka, punguza sauti kwanza. Jicho lina kope, sikio halina.