Mbung'o Walivyotoweka Unguja

Leo tuzungumzie sayansi na uongozi wa nchi.

Wafugaji wa Unguja walisumbuliwa miaka mingi na mbung'o, anayeeneza ugonjwa wa nagana. Ng'ombe alikonda, maziwa yakakauka. Dawa za kuua wadudu zilipunguza mbung'o, ila hazikuwamaliza.

Serikali ikawasikiliza wataalamu. Kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, mbung'o walifugwa kwa wingi Tanga. Madume wakapigwa mionzi ili wasiweze kuzalisha, kisha wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa kuanzia mwaka 1994. Kwa kawaida mbung'o jike hupandwa mara moja tu maishani. Akikutana na dume tasa, hapati uzao. Mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa haina tena mbung'o.

Tuzingatie jambo moja: hakuna aliyetangaza ushindi kwa kukisia. Mitego iliendelea kukaguliwa baada ya mbung'o wa mwisho, na hesabu ya mbung'o mitegoni ndiyo iliyoamua.

Hivyo ndivyo fedha ya umma inavyostahili kutumika: kwa ushahidi, kwa subira na kwa kupima matokeo. Kwenye mkutano wa kijiji au shehia, mradi ukiletwa, tuulize: ushahidi uko wapi? Tutapimaje mafanikio? Mwananchi anayeuliza hivyo anawasaidia viongozi wake kuamua vyema. Usiogope kuuliza.