Kabla ya Kufungua Kesi ya Madai

Muda wa kufungua kesi ya madai Tanzania huanza kuhesabika siku haki ya kudai inapopatikana, si siku wakili anapopatikana. Madai ya mkataba yana miaka 6, ya kurejesha ardhi 12. Hapa ndipo wanyonge wengi hupoteza haki yao, na inauma, maana hakimu hutupa shauri bila hata kugusa ushahidi.

Wakili makini huanza kwa kuomba karatasi: mkataba, risiti, meseji za malipo ya simu, majina ya mashahidi. Naye mteja ana haki ya kuuliza iwapo leseni ya uwakili ya mwaka huo imelipiwa, na makubaliano ya ada yawe kwa maandishi.

Hati ya madai ikishasajiliwa na wito kumfikia mdaiwa, huyo ana siku 21 za kuwasilisha utetezi. Anayeishtaki Serikali hutanguliza notisi ya siku 90. Kabla ya ushahidi kusikilizwa, pande mbili hupelekwa kwenye usuluhishi, na kumalizana huko si kushindwa. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.