Mshika Funguo Alipie

Ukizaliwa Kaloleni, Nairobi, huku kando ya Barabara ya Jogoo, unakua ukijua nyumba ni ya kanjo. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940. Baba alilipa kodi City Hall, mama akaendelea kulipa, leo mnalipa ninyi. Hapa ndugu hawagombanii hati miliki, maana hati si yao. Ugomvi unahamia Kayole au Dandora, kwenye ploti aliyoinunua mzee akisema, "Hii ndiyo yenu."

Tuseme hati ina majina matatu, na vyumba vyote vina wapangaji. Kaka mkubwa ndiye mwenye funguo na ndiye anayepokea kodi. Mwaka wa kwanza alikuwa akitengeneza mabomba. Wa pili, paa. Wa tatu hashiki simu. Mkamwandikia barua ya madai, kimya. Mkaenda Milimani, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, mkashinda.

Sasa nani alipe gharama za kesi?

Kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinasema gharama humfuata mshindi, ila jaji akiona sababu nzuri ya kuamua vingine. Kwa watu wa damu moja, sababu hiyo haikawii kupatikana. Jaji anawatazama, anaona matanga na arusi zilizo mbele yenu, anaamuru kila mtu ajilipie. Nia njema, sikatai.

Lakini hebu tupige hesabu. Kaka alimlipa wakili wake kwa pesa zipi? Kwa kodi ya vyumba vyenu nyote watatu! Ninyi mlichanga kutoka mishahara na chama. Kwa hiyo mmelipa mawakili wawili: wenu, na sehemu ya wake. Halafu mnaambiwa mmetoka sare.

Mwaka 2014, katika mvutano wa familia ya Rai juu ya kampuni, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba gharama si fimbo ya kumchapia aliyeshindwa, bali ni fidia ya usumbufu wa aliyeshinda. Nakubali. Basi tuulize: usumbufu huu ulianzia mlango gani? Kama ndugu wote walichanganyikiwa na wosia usioeleweka, kila mtu ajilipie, hakuna neno. Aliyekalia kodi miaka mitatu hakuchanganyikiwa.

Na msidhani mkipewa gharama mtarudishiwa kila shilingi. Orodha ya gharama hupelekwa kwa Naibu Msajili wa mahakama, naye hukata hapa na pale kwa viwango vya sheria. Mara nyingi kinachobaki hakifikii mlichompa wakili.

Kuna maneno katika kifungu hicho hicho ambayo watu huyaruka. Jaji ana uwezo wa kusema gharama zitoke katika mali ipi, na kwa kiasi gani. Kwa hiyo msiombe tu kwamba kaka alipe, atawaambia hana kitu. Mwambieni wakili wenu aombe gharama zikatwe kwenye fungu la kaka, ploti ikiuzwa au kodi ikianza kugawanywa.

Na ile barua ya madai, aliyoipokea akaitupa juu ya kabati: wekeni nakala, na tarehe isomeke.