Mwalimu wa Kitabu na Mwalimu wa Jembe



Mwaka huu fedha za chama zatosha kumlipia karo mwanafunzi mmoja tu wa ualimu, na waombaji ni wawili. Wa kwanza ana alama za juu sana. Wa pili alama zake ni za kutosha tu, lakini kwa miaka miwili amewasomesha watoto wetu chini ya mwembe bila malipo. Kamati haikupatana, nasi tumeagizwa tueleze asili ya hitilafu hii, maana haikuanza leo.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika ya Mashariki, ikasifu mafunzo ya Hampton na Tuskegee kule Marekani, ambako watu weusi walifunzwa kazi za mikono pamoja na kitabu. Mwaka 1925 ikafunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete. Mwalimu alikwenda na mkewe, wakajifunza kilimo, usafi na malezi, kisha wakarudi kuzitengeneza shule na vijiji.

Kazi ilikuwa njema, lakini Waafrika wengi waliishuku. Waliuliza: mbona watoto wa Wazungu hawafunzwi hivi? Kazi ya ofisini ilipatikana kwa cheti, wala si kwa choo kilichochimbwa vizuri. Huko Marekani W. E. B. Du Bois naye aliyapinga mawazo hayo. Na sisi makarani, tuliopata riziki kwa cheti, hatuwezi kukidharau.

Pwani tulikuwa na njia ya kale zaidi. Mwanafunzi wa chuoni alikaa na mwalimu wake, akawasomesha wadogo zake, hata mwalimu aliporidhika akampa ijaza.

Tangu mwaka 2021 vyuo vya ualimu wa shule za msingi vyafundisha diploma mahali pa cheti cha P1. Elimu imepanda, swali limebaki palepale.

Rai yetu ni hii. Tusimchague wa pili kwa kudhani kwamba watoto wa shamba watosheka na elimu kidogo. Tusimchague wa kwanza kwa alama peke yake. Wote wawili wasomeshe somo moja mbele yetu, watoto wakiwapo. Nasi tuwatazame watoto zaidi kuliko waalimu.