Solomon Plaatje, Mwana wa Misheni ya Pniel



Mwaka 1891 wamisionari wa Misheni ya Berlin walifika Unyakyusa wakiongozwa na Alexander Merensky, aliyekuwa ametumika miaka mingi Transvaal. Siku hizo hizo, katika kituo kingine cha Misheni hiyo, huko Pniel karibu na Kimberley, alikuwapo kijana Mbarolong aliyezaliwa mwaka 1876, Solomon Tshekisho Plaatje. Mti mmoja, matawi mawili. Yafaa basi katika mwaka huu wa miaka mia moja ya usharika, ndugu huyo wa mbali akumbukwe.

Elimu yake ya darasani haikupita shule ya misheni. Mke wa mmisionari Westphal alimfundisha muziki na kumsomesha Shakespeare. Mengine alijifundisha mwenyewe. Alianza kazi kama tarishi wa posta Kimberley, kisha mwaka 1898 akawa mkalimani wa mahakama Mafikeng. Katika mahakama ndipo fikra zake juu ya jamii zilipokomaa. Aliona kwamba hakimu aweza kuwa mwadilifu na sheria ikawa njema, lakini mkalimani akikosea neno moja, asiye na hatia anakwenda gerezani. Kwake, haki haikai katika vitabu vya serikali peke yake. Yakaa pia katika lugha ambayo mnyonge anaisikia na kueleweka.

Kwa hiyo aliacha mshahara wa serikali, jambo ambalo wengi wangeliona upumbavu, akawa mhariri wa gazeti la Koranta ea Becoana, kwa msaada wa Chifu Silas Molema. Liliandikwa kwa Kisetswana na Kiingereza. Madeni yalilimaliza, naye akaanzisha jingine Kimberley mwaka 1910. Mwaka 1912 alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa African National Congress.

Tarehe 19 Juni 1913 Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ilianza kutumika. Iliwatengea Waafrika kiasi cha asilimia 7 tu ya nchi, na nje ya hapo hawakuruhusiwa kununua wala kukodi shamba. Katika Jimbo la Orange Free State waliokuwa wakilima kwa kugawana mavuno na Makaburu waliambiwa wawe watumishi, wao na ng'ombe wao, au waondoke.

Plaatje hakungoja habari zimfikie mezani. Alipanda baiskeli akawafuata wakimbizi barabarani wakati wa baridi kali. Aliona mifugo ikifa njiani kwa kukosa malisho. Alipata habari za familia moja iliyofiwa na mtoto mchanga safarini. Wazazi hao hawakuwa tena na haki ya mahali popote, hata pa kuchimba kaburi. Walimzika usiku kwa haraka katika ardhi ya mtu mwingine, wakihofu mwenye shamba asije akawakuta. Wabunge walikuwa wamejadili sheria ile kwa hesabu za ekari. Yeye aliwajibu kwa kaburi moja.

Mwaka 1914 alikwenda Uingereza na ujumbe wa chama kuomba sheria ifutwe. Vita Kuu ikazuka, wenzake wakarudi, yeye akabaki hadi 1917 akihutubia makanisani na kuandika. Kitabu chake Native Life in South Africa kilitoka mwaka 1916. Mwaka huo huo alitoa mkusanyo wa methali zaidi ya 700 za Kisetswana.

Je, hakukosea? Pengine aliitumainia mno serikali ya Uingereza, ambayo haikumsaidia, hata aliporudi kuiomba mara ya pili mwaka 1919. Nayo gharama ilikuwa nzito nyumbani kwake. Mkewe Elizabeth alibeba familia peke yake kwa miaka mingi, na binti yao Olive alipofariki mwaka 1921, baba alikuwa Marekani akihutubia watu juu ya ardhi. Riwaya yake Mhudi, iliyochapishwa mwaka 1930, aliitabaruku kwa binti huyo.

Alifariki kwa nimonia Johannesburg tarehe 19 Juni 1932, miaka 19 kamili tangu sheria ile ianze kutumika, akazikwa Kimberley. Tafsiri yake ya Julius Caesar kwa Kisetswana ilitoka mwaka 1937. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1991.