Koili: Yale Tuliyoyaona Mitaa ya Eastlands

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia)



Sisi tumetoka Nairobi, upande wa Eastlands. Wengine wetu wanakaa Kaloleni na Jericho, wengine Dandora na Kayole. Si madaktari sisi. Ni akina mama tuliofunzwa kazi ya afya ya jamii, na tunapita nyumba kwa nyumba. Katika mwaliko wenu mlituuliza jambo moja wazi: ni kweli koili inaharibu tumbo? Swali hilo tumeulizwa kwenye ngazi za ploti na kwenye foleni ya maji, kwa hivyo hatutaona haya kulijibu hapa, hata wazee wakiwapo. Tena wazee ndio tungependa wasikie zaidi.

Tuanze na wenzetu wawili wa chama chetu, majina tunayaacha. Wote wawili waliwekewa koili mwaka mmoja, na ilikuwa ya aina moja, ile ya shaba. Wa kwanza alikaa nayo miaka tisa, ikatolewa, akamzaa kitinda mimba wake. Wa pili alienda kliniki moja ndogo ya kulipia. Hakuulizwa kitu. Hakupimwa. Alilazwa, na baada ya dakika chache akaambiwa avae nguo aende. Tangu siku ile tumbo likawa linamkata, na damu ikawa inakuja bila mpango. Alirudi mara tatu, kila mara akapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa, "Mama, utazoea." Mwezi wa tano alikuwa akipanda ngazi anashika ukuta. Tulimpeleka hospitali nyingine, ikaonekana koili haikufika juu ndani ya mji wa mimba. Ilikuwa imekwama chini, kwenye mlango wa kizazi. Ikatolewa, akaanza kutibiwa upungufu wa damu.

Ploti nzima ikasema: mmeona koili! Jirani yake mmoja aliyekuwa amejiandaa kwenda kuwekewa akaogopa, akakaa bila njia yoyote. Mwaka uliofuata alipata mimba ambayo hakuwa ameitaka, na mzee wake wakati huo hana kazi. Hatumlaumu. Angejuaje kwamba kosa lilikuwa la mkono ulioweka?

Koili ni kitu kidogo cha plastiki chenye umbo la herufi T, kimezungushiwa waya wa shaba, na chini kina nyuzi mbili laini. Shaba inazuia mbegu ya mwanamume isifikie yai. Ile iitwayo T 380A inafanya kazi miaka 10 na zaidi, na katika wanawake 100 wanaoitumia, anayepata mimba mwaka wa kwanza hafiki hata mmoja. Haina homoni. Ipo nyingine yenye homoni, ambayo hupunguza damu ya mwezi badala ya kuiongeza, na hiyo tutaitaja tena.

Sasa sikilizeni jinsi inavyowekwa vizuri, ili mkienda au mkimpeleka binti mjue mnachotazamia.

Kwanza ni maswali. Sista au daktari atauliza siku ya mwisho ya hedhi, kama una mimba, kama unatokwa na uchafu wenye harufu au usaha, kama unavuja damu isiyojulikana chanzo. Mwenye kisonono au klamidia mlangoni mwa kizazi atibiwe kwanza, asiwekewe siku hiyo. Mwenye saratani ya mlango wa kizazi asiwekewe. Asiyeulizwa hata moja ya haya, na ashuke kitandani.

Halafu atakupima kwa mikono miwili, mmoja ndani na mmoja juu ya tumbo. Wengi huona hii ni aibu ya bure. Si ya bure. Miji ya mimba haikulala upande mmoja kwa wanawake wote. Mwingine umeinama mbele, mwingine umelala nyuma, na asiyejua umelalaje anaweza kuutoboa. Kisha mlango wa kizazi unasafishwa kwa dawa, na kijiti chembamba chenye alama kinapima kina. Hapo utasikia mkakamao kama wa siku ya kwanza ya hedhi. Kile kipimo ndicho kinachomwambia afikishe koili wapi. Yule mwenzetu hakupimwa kina, ndiyo maana tunaona koili yake iliachwa njiani.

Koili yenyewe hutoka kwenye pakiti iliyofungwa, na sehemu inayoingia ndani haiguswi kwa vidole wala haigusi ukuta wa uke. Mikono ya ile T hukunjwa ndani ya mrija wakati ule ule wa kuweka, si mapema. Mrija ukifika juu, kinachofanyika si kuisukuma koili kwa nguvu. Mrija ndio unaovutwa nyuma, na T inafungua mikono yake mahali pake. Nyuzi hukatwa zibaki kama sentimita 3. Omba uambiwe ni aina gani, na tarehe ya kutolewa iandikwe kwenye kadi. Tumekutana na wengi waliosahau mwaka.

Mama aliyejifungua anaweza kuwekewa ndani ya saa 48, akiwa bado hospitalini, au angoje wiki 4 zipite. Katikati ya hapo haishauriwi.

Tuje kwa madhara. Hatutawaficha. Koili ya shaba huongeza damu ya mwezi, na siku zenyewe huongezeka. Maumivu ya tumbo pia, hasa miezi 3 hadi 6 ya kwanza. Kwa wengi hupungua yenyewe, na dawa kama ibuprofeni husaidia siku zile, kama huna vidonda vya tumbo. Lakini kuna mama ambaye tayari ana damu kidogo, anakula sukuma na ugali mara moja kwa siku na kubeba mtungi. Huyo aseme mapema. Apimwe damu, apewe vidonge vya madini ya chuma, au aulizie ile ya homoni au njia nyingine. Kumwambia "utazoea" si matibabu.

Koili hutoka yenyewe kwa kama wanawake 5 kati ya 100, wengi wao miezi ya kwanza. Ndiyo sababu ya nyuzi. Baada ya hedhi, nawa mikono, ingiza kidole, uziguse. Usizivute. Ukizikosa, au zikiwa ndefu kuliko kawaida, au ukigusa kitu kigumu, tumia kondomu na urudi kliniki. Huenda nyuzi zimejikunja tu. Huenda koili imetoka. Mara chache sana, kama mwanamke 1 kati ya 1,000, imetoboa mji wa mimba wakati wa kuwekwa. Picha ndiyo itakayosema.

Mengine ni ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo: homa na maumivu makali chini ya kitovu, uchafu wenye harufu mbaya, au hedhi kukosa kuja na dalili za mimba. Mimba ya mwenye koili ni nadra, lakini ikitokea inaweza kuwa imekaa nje ya mji wa mimba, na hiyo huua. Hatari ya maambukizo iko juu zaidi siku 20 za kwanza, kwa hivyo katika wiki hizo tatu homa isibembelezwe kwa Panadol.

Hofu ya watu ina historia. Huko Marekani tangu 1971 iliuzwa koili iitwayo Dalkon Shield. Uzi wake ulikuwa nyuzi nyingi ndogo ndani ya ala, na viini vilipanda kama mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi. Wanawake waliumia, wengine wakapoteza uzazi, wengine wakafa. Mauzo huko yalisimamishwa 1974, na 1985 kampuni ikafilisika kwa wingi wa mashtaka. Hizi za leo si ile, nyuzi zake si za utambi. Lakini habari ilishasafiri. Hapa Kenya uchunguzi wa kitaifa wa 1993 ulikuta kama 4 kati ya wanawake 100 walioolewa wakitumia koili, na ule wa 2003 ukakuta kama 2 tu.

Nairobi penyewe imefanyiwa utafiti. Mmoja uliochapishwa 1990 uliwafuata wanawake 1,813 waliowekewa koili, na waliopata maambukizo ya nyonga hawakufika 2 kati ya 100. Mwingine wa 1998 ulikuwa na wanawake 649, baadhi wana virusi vya Ukimwi, baadhi hawana. Shida za miezi 4 ya kwanza zilikuwa karibu sawa kwa wote, kama 8 kati ya 100. Hao walipimwa na kuwekewa na watu waliofunzwa, wakafuatiliwa. Lakini koili haizuii Ukimwi wala kisonono, na mzee anayelala nje hawezi kuiegemea.

Wazee wengine hulalamika kwamba uzi unawachoma. Ni kweli hutokea, uzi ukikatwa mfupi sana. Mama arudi, urekebishwe. Si sababu ya kumwambia aitoe. Na mama akitaka itolewe kwa sababu yake mwenyewe, itolewe, asiombe ruhusa ya mtu. Lakini itolewe kliniki. Tumeona aliyejaribu kuivuta mwenyewe bafuni.

Hapa mezani tuna koili ya maonyesho na mfano wa mji wa mimba wa plastiki. Tutaupitisha kwa mistari, tukianza na nyuma. Shikeni, mpime nyuzi kwa vidole. Mwenye swali la faragha atatukuta nje chini ya mwembe, tuko wanne, na gari letu haliondoki kabla ya saa kumi.